Deni au Utashi? Uhakiki wa Tafsiri ya Neno ‘Shall’ katika Matini za Sheria za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna neno la Kiingereza ‘shall’ linavyofasiriwa kwa Kiswahili katika matini za kikatiba na za kikanda. Inahoji kwamba neno hilo hubeba kazi tano tofauti katika Kiingereza cha sheria, ilhali wafasiri wengi hulielekeza kwenye umbo moja tu la Kiswahili, yaani kiambishi cha wakati ujao -ta-. Matokeo yake ni matini zinazomfanya msomaji ashindwe kutofautisha wajibu na matarajio. Mifano inatoka katika Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Katiba ya Tanzania, Katiba ya Kenya na mazingira ya lugha nne rasmi za Rwanda. Makala inahitimisha kwa kupendekeza utaratibu wa kufasiri unaotanguliza swali la nani anadaiwa nini, na kwa muda gani.

1. Utangulizi

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vijisehemu viwili vifupi. Cha kwanza kinahusu Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Cha pili kinahusu Kiswahili kuendelezwa kama lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Katika matini ya Kiingereza, vyote viwili vimejengwa juu ya neno moja: ‘shall’. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Siku hiyo hiyo kijisehemu cha kwanza kilimaliza kazi yake. Kiingereza kilikuwa lugha rasmi bila mtu yeyote kuhitaji kufanya jambo lolote zaidi. Kijisehemu cha pili, kwa upande wake, hakikumaliza kazi yoyote siku hiyo. Kilifungua mlango tu, na haikuelezwa ni nani angepita mlangoni, lini, na kwa gharama ya nani.

Tofauti hii haionekani katika Kiingereza kwa kuwa neno ni moja. Haionekani pia katika Kiswahili iwapo mfasiri ataandika “itakuwa” katika kijisehemu cha kwanza na “kitaendelezwa” katika cha pili. Msomaji ataona sentensi mbili za wakati ujao zenye uzito sawa. Hata hivyo, historia imeonyesha kwamba uzito wake haukuwa sawa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015, miaka 15 baada ya Mkataba kuanza kutumika. Wakuu wa Nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza mwezi Februari 2021, yaani zaidi ya miaka 20 baada ya Kiingereza kuipata hadhi hiyo kwa siku moja.

Lengo la makala hii si kulaumu waandishi wa Mkataba. Lengo ni kuonyesha kwamba neno fupi lenye herufi tano limebeba mzigo ambao Kiswahili kina vyombo vya kuugawanya, na kwamba wafasiri wanaposhindwa kuvitumia vyombo hivyo wanahamisha utata wa Kiingereza na kuuongezea utata wa Kiswahili.

2. Asili ya neno na kazi zake tano

Kihistoria, ‘shall’ ni neno la deni. Katika Kiingereza cha kale, umbo lake ‘sceal’ lilimaanisha kudaiwa au kuwiwa, na ndugu zake katika Kijerumani bado wanaonyesha uhusiano huo: ‘sollen’ ni kupaswa, na ‘Schuld’ ni deni au hatia. Neno ‘will’, kinyume chake, lilikuwa neno la utashi, yaani kutaka. Maneno haya mawili yalipoanza kutumika kuonyesha wakati ujao, yaliingiliana kiasi kwamba wanasarufi walijaribu kuyatenganisha kwa kanuni. John Wallis, katika sarufi yake ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini mwaka 1653, alieleza kwamba ‘shall’ katika nafsi ya kwanza hubashiri tu, lakini katika nafsi ya pili na ya tatu huahidi au hutisha. Kanuni hiyo ilifundishwa shuleni kwa vizazi vingi, zikiwamo shule za makoloni ya Uingereza, ingawa wasemaji wa kawaida hawakuifuata sana.

Leo neno hilo limekaribia kutoweka katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza, isipokuwa katika maswali ya kupendekeza jambo. Limebaki na makazi ya kudumu katika sheria na mikataba. Humo, kazi zake zinaweza kupangwa katika makundi matano.

Kazi ya kwanza ni kuweka wajibu kwa mhusika anayejulikana: katibu lazima awasilishe taarifa. Ya pili ni kutamka au kuunda hali: baraza fulani linaanzishwa, lugha fulani ni rasmi. Hapa hakuna anayeamriwa; sheria yenyewe inatenda kwa kusema. Ya tatu ni kuweka sharti la uhalali: ili kikao kiwe halali, akidi iwe nusu ya wajumbe. Hapa pia hakuna anayevunja sheria akidi isipotimia. Kinachotokea ni kwamba kikao hakina nguvu. Ya nne ni katazo. Ya tano ni azma au mwelekeo: dola au jumuiya inatangaza jambo inalokusudia kulifikia kadiri uwezo utakavyoruhusu.

Wanasheria wa Kiingereza wenyewe wamelalamikia wingi huu wa kazi. Mwaka 1995, Mahakama Kuu ya Marekani ilikiri kwamba ingawa neno hilo kwa kawaida ni la lazima, waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia, au hulitumia vibaya, kwa maana ya kupaswa, ya wakati ujao, au hata ya hiari. Afrika Kusini ilichukua hatua ya wazi: Katiba yake ya mpito ya 1993 ilitumia ‘shall’, lakini Katiba ya 1996 iliachana nalo na kutumia ‘must’ panapokuwa na wajibu, na wakati uliopo panapokuwa na tamko. Waandishi wa miswada wa Uingereza nao wameliepuka katika sheria mpya. Kwa hiyo, mfasiri wa Kiswahili anayelichukulia neno hili kuwa na maana moja iliyo wazi anakuwa na imani nalo kuliko wenyewe wanavyoliamini.

3. Kiambishi -ta- na mabadiliko ya deni kuwa utashi

Wanaisimu wengi wanakiona kiambishi -ta- cha Kiswahili kuwa kimetokana na kitenzi -taka. Ikiwa ni hivyo, -ta- ni ndugu wa ‘will’, wala si ndugu wa ‘shall’. Kimoja kilianza kama kutaka, kingine kama kudaiwa. Ni kweli kwamba asili ya neno haiamui maana yake ya leo, na hakuna msemaji wa Kiswahili anayesema “mvua itanyesha” akifikiri kwamba mvua inataka. Hata hivyo, tabia ya kiambishi hiki katika matumizi ya leo inaelekea upande uleule. Msemaji anaposema “nitakulipa”, anayemsikiliza anapata nia na ahadi. Akitaka kujua kama analindwa na jambo lililo nje ya nia ya mdeni, ataomba maandishi. Ndiyo maana Waswahili waliona haja ya kuunganisha mambo mawili kwa methali: ahadi ni deni. Methali hiyo isingekuwa na kazi kama -ta- yenyewe ingetosha kuonyesha deni.

Ushahidi mwingine unapatikana katika namna Kiswahili kinavyoamuru na kukataza nje ya sheria. Tangazo la ukutani husema “usitupe taka hapa”. Halisemi “hutatupa taka hapa”. Kibao cha maktaba husema “ni marufuku kuingia na chakula”. Mwalimu mkuu huandika “kila mwanafunzi afike saa moja na nusu”, na wazazi hawamuulizi kama ni utabiri au agizo. Dhamira tegemezi, yaani umbo la -e, ndiyo chombo cha kawaida cha kuweka wajibu kwa nafsi ya tatu. Umbo la usi- na asi- ndilo chombo cha kawaida cha katazo.

Wafasiri wa Biblia waliliona jambo hili mapema. Amri Kumi katika Kiingereza cha tafsiri ya mwaka 1611 zimejaa ‘shalt not’. Zilipofikishwa kwa Kiswahili, wafasiri hawakutumia umbo kanushi la wakati ujao, huta-, bali walitumia usi-. Hakuna msomaji wa Kiswahili aliyewahi kudhani kwamba amri hizo zinabashiri mwenendo wake. Inashangaza, basi, kwamba wafasiri wa sheria, walio na sababu nzito zaidi ya kuogopa utata, wamekwenda kinyume na njia hiyo.

4. Mifano ya Tanzania na Kenya

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ni mfano muhimu kwa sababu Kiswahili chake si tafsiri ya pembeni. Ni matini yenye mamlaka. Pamoja na hayo, mtindo wake umefuata kwa karibu uandishi wa sheria wa Kiingereza. Ibara ya 33 inamtambulisha Rais kwa umbo la “kutakuwa na”. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kufanya kazi na ya kujipatia elimu, na inasema mamlaka ya nchi “itaweka” utaratibu unaofaa. Kiambishi ni kilekile. Lakini kisheria, ibara hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ya kwanza inaunda ofisi ambayo bila yake dola haisimami. Ya pili iko ndani ya sehemu ambayo Ibara ya 7 inaeleza kwamba masharti yake hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Mwananchi anayesoma Ibara ya 11 peke yake hana njia ya kujua, kutokana na lugha yenyewe, kwamba “itaweka” hiyo haimpi mlango wa mahakamani. Anaupata ukweli huo kurasa kadhaa kabla, katika ibara nyingine.

Sheria ya Tafsiri ya Sheria ya Tanzania, Sura ya 1, ilijaribu kutuliza suala hili. Kifungu cha 53 kinaeleza kwamba ‘may’ inatoa hiari, na kwamba ‘shall’ inapotumika kukabidhi kazi, kazi hiyo ni lazima itekelezwe. Hata hivyo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufani ya jinai ya mwaka 2006, iliamua kwamba neno hilo ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai si la lazima katika kila hali, bali linasomwa pamoja na kifungu cha 388, kinachouliza kama kasoro imesababisha haki kutotendeka. Uamuzi huo una mantiki yake. Kinachohusu makala hii ni jambo moja: hata baada ya Bunge kutoa maana ya neno kwa sheria, mahakama iliona haja ya kuuliza tena neno hilo linafanya kazi gani mahali lilipo.

Swali hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2021, Tanzania iliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zimelazimika kupata matini ya Kiswahili. Kila ‘shall’ iliyomo ni uamuzi mdogo wa mfasiri, na maamuzi madogo yakifanyika maelfu kwa maelfu bila mwongozo mmoja hugeuka kuwa sera isiyoandikwa na mtu.

Kenya inatoa funzo la aina nyingine. Katiba ya 2010 inatumia wakati uliopo pale inapotamka hadhi ya lugha: Ibara ya 7 inasema kwa umbo la ‘is’ kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwa umbo la ‘are’ kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Inarudi kwenye ‘shall’ inapofika kwenye jukumu la dola la kukuza lugha nyingine. Mgawanyo huo ni mzuri. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 81, inatumia ‘shall’ kwa kanuni kwamba wajumbe wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya uwakilishi vya kuchaguliwa. Je, hilo lilikuwa sharti la uhalali, wajibu wa papo hapo, au mwelekeo?

Mwezi Desemba 2012, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa ushauri kuhusu suala hilo. Majaji wengi waliona kwamba kanuni hiyo, kuhusu Bunge la Taifa na Seneti, ingefikiwa hatua kwa hatua, na wakaweka ukomo wa tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake, wajibu ulikuwa wa papo hapo. Ukomo ulipita bila sheria inayotakiwa kupitishwa. Mwezi Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa huko, lakini Bunge halikuvunjwa. Haitakuwa sahihi kusema kwamba mgogoro huu wote ulizaliwa na neno moja. Siasa ilikuwa na mkono mkubwa. Lakini neno lilitoa nafasi ambayo siasa iliingilia. Mfasiri anayeandika “hawatazidi” kwa Kiswahili anaacha nafasi hiyo wazi. Anayeandika “wasizidi” anaegemea upande wa wajibu. Anayeandika kwamba chombo kinachozidi kiwango hicho “si halali” ameingia kabisa katika uamuzi. Hakuna tafsiri isiyoegemea popote, na ni heri mfasiri ajue ameegemea wapi.

5. Kigali: lugha tatu katika gazeti moja, na ya nne mlangoni

Rwanda iko katika nafasi ya pekee ya kulitazama tatizo hili. Ibara ya 8 ya Katiba yake inataja Kinyarwanda kuwa lugha ya taifa, na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi, kisha inaruhusu lugha rasmi kuongezwa au kuondolewa kwa sheria ya aina maalumu, iliyo chini ya Katiba na juu ya sheria za kawaida. Kwa njia hiyo, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, miaka 10 baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Gazeti Rasmi linalotolewa Kigali, hata hivyo, limeendelea kuchapisha sheria katika lugha tatu za mwanzo, na kwa kawaida kila sheria humalizika kwa kutaja lugha ambayo iliandikwa, na lugha ambayo ilijadiliwa na kupitishwa.

Utaratibu huu una faida ambayo mara nyingi haitajwi. Lugha tatu zinapokaa pamoja, kila moja inaifichua nyingine. Kifaransa cha sheria hakina ‘shall’. Mapokeo yake ni kwamba wakati uliopo wa kitenzi hubeba amri: waziri anateua, baraza linakutana. Kinyarwanda nacho hutumia wakati uliopo kwa kiasi kikubwa, na hutumia kitenzi ‘kugomba’ pale wajibu unapohitaji kutajwa waziwazi. Kwa hiyo, ‘shall’ inapotokea katika matini ya Kiingereza, msomaji wa Kigali anaweza kutazama safu ya pili na kuuliza: je, hapa kuna ‘kugomba’ au hakuna? Jibu linamwambia kama Kiingereza kimeweka deni au kimetamka hali tu. Inafaa pia kutambua kwamba Ibara ya 8 yenyewe, katika matini yake ya Kiingereza, haina ‘shall’. Inasema lugha rasmi “ni” hizi, si “zitakuwa” hizi.

Kanada, nchi nyingine yenye sheria za lugha mbili, imefika hapo kwa njia ya sheria. Kifungu cha 11 cha Sheria yake ya Tafsiri ya Sheria kinasema kwa Kiingereza kwamba ‘shall’ ni ya lazima. Matini ya Kifaransa ya kifungu hichohicho haisemi lolote kuhusu neno hilo. Inasema wajibu huonyeshwa hasa kwa wakati uliopo wa kitenzi kikuu. Kifungu kimoja, kanuni mbili za sarufi, sheria moja. Huo ni utambuzi kwamba usawa wa matini haupatikani kwa kulinganisha neno na neno, bali kwa kulinganisha kazi na kazi.

Kiswahili kitakapoingia kikamilifu katika matini rasmi za Rwanda, kitakuwa na chaguo. Kinaweza kuja kupitia mlango wa Kiingereza peke yake, kikibeba -ta- yake yote. Au kinaweza kuja kupitia Kinyarwanda, lugha ya Kibantu inayofanana nacho katika muundo wa kitenzi, yenye umbo lake la -e na viambishi vyake vya katazo. Njia ya pili ni fupi zaidi, na wanaoweza kuipita wapo. Mnyarwanda aliyesoma Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti ya “afanye” na “atafanya”, kwa kuwa ameizoea katika lugha yake ya kwanza.

6. Hoja za upande wa pili

Wapo wanaotetea -ta- kwa hoja tatu ambazo hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba wanasheria wa Kiswahili wamekwisha kuizoea, na mazoea katika sheria ni aina ya usalama. Ya pili ni kwamba hata katika mazungumzo, -ta- inaweza kuamuru: mzazi anayemwambia mtoto “utakwenda shule, utake usitake” habashiri chochote. Ya tatu ni kwamba kurudiarudia “lazima” kunaifanya matini ionekane ya vitisho na kuipunguzia heshima.

Hoja ya kwanza ina nguvu kwa mwanasheria, lakini si kwa msomaji ambaye kwa ajili yake sheria zinaletwa kwa Kiswahili. Ikiwa maana inapatikana tu kwa aliyekwisha kuijua kwa Kiingereza, faida ya tafsiri ni ndogo. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini inathibitisha kinyume chake: amri ya mzazi inatokana na sauti, uso na uhusiano, na katika mfano huo inategemea pia maneno “utake usitake”. Matini ya sheria haina sauti wala uso. Hoja ya tatu inachukulia kwamba badala ya -ta- ni “lazima” pekee. Kiswahili kina hazina pana zaidi: umbo la -e, -wajibika, -paswa, sharti, hapana budi, ni marufuku, na wakati uliopo wa kawaida. Uzito wa matini unatokana na kuchagua vizuri kati ya hivi, si kwa kuvirundika.

7. Mapendekezo kwa wafasiri na washauri wa sera

Makala hii inapendekeza kwamba kabla ya kufasiri ‘shall’ yoyote, mfasiri ajibu maswali matatu: nani anadaiwa, anadaiwa nini, na nini kinatokea asipolipa. Majibu yanaelekeza kwenye umbo.

Iwapo kuna mdaiwa anayejulikana na tendo linalojulikana, ni wajibu, itumike dhamira tegemezi au -wajibika: “Katibu awasilishe taarifa kila mwaka.” Iwapo hakuna mdaiwa, na sheria yenyewe inaunda hali, ni tamko, utumike wakati uliopo: “Lugha rasmi ni Kiswahili.” Iwapo hakuna mdaiwa lakini jambo linakosa nguvu bila sharti, ni uhalali, utajwe ubatili wenyewe: “Uamuzi uliofanywa bila akidi ni batili.” Iwapo ni katazo, litumike umbo la asi- au “ni marufuku”. Iwapo mdaiwa yupo lakini muda na kipimo havipo, ni azma. Hapo ndipo -ta- inapostahili kubaki, kwa sababu ndipo inaposema ukweli.

Pendekezo la mwisho linahusu kauli ya kutendwa. “Kitaendelezwa” ni tafsiri sahihi ya Kiingereza cha Ibara ya 137, lakini inarithi kasoro yake: mtendaji hayupo. Msomaji wa Kiswahili hutarajia “na” baada ya kitenzi cha aina hiyo, kisha jina. Mfasiri hana mamlaka ya kuongeza jina hilo. Anachoweza kufanya ni kuliandikia tanbihi pengo hilo na kulirudisha kwa waandishi wa sheria. Hapa tafsiri inakuwa ukaguzi: sentensi isiyoweza kupata mdaiwa katika Kiswahili huenda haikuwa na mdaiwa tangu mwanzo.

Kwa ngazi ya Jumuiya, Kamisheni ya Kiswahili iandae mwongozo mmoja wa kufasiri maneno ya wajibu, hiari na katazo, ukihusisha wataalamu wa lugha na wanasheria wa nchi wanachama zote. Mwongozo huo uanze na jozi ya ‘shall’ na ‘may’, kwa kuwa ‘may’ nayo ina tatizo lake: “anaweza” ya Kiswahili inachanganya uwezo na ruhusa. Kwa ngazi ya Rwanda, matini za Kiswahili zitakapoandaliwa, ziandaliwe zikiwa zimekaa mezani pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa, wala zisitokane na Kiingereza peke yake.

8. Hitimisho

Kijisehemu cha pili cha Ibara ya 137 kilitumia neno ambalo kwa asili yake lilimaanisha deni. Kilivyosomwa kwa miaka mingi, kilikuwa nia njema. Kiswahili kimepiga hatua tangu wakati huo, na sehemu ya hatua hizo imepigwa Kigali kwa sheria ya 2017. Lakini lugha ambayo inadai nafasi yake katika sheria za kanda inapaswa kwanza ionyeshe kwamba inaweza kutofautisha anayedaiwa na anayetumaini. Kiswahili kinaweza. Matangazo ya ukutani, barua za shule na tafsiri za maandiko ya dini zimekuwa zikifanya hivyo kwa muda mrefu. Kilichobaki ni matini za sheria kujifunza kutoka kwa lugha ambayo zimeandikwa kwayo.